Kasha la saa ya zamani halitaki haraka
Kama unataka kasha la saa ya zamani lirudi kung'aa usijipangie nusu saa jamani. La stenlesi lenye mikwaruzo ya kawaida, kwa mkono, ni masaa matatu manne hivi, kwanza toa mashine na kioo, loweka kwenye maji ya sabuni uchafu ulainike, alafu msasa namba 400, 800, 1000 mpaka 2000 na usiruke namba, maana mikwaruzo ya msasa wa namba iliyotangulia itabaki inaonekana hata upolishi vipi. Kingo kali usizisugue sana, zikishakuwa duara hazirudi. Ila likiwa shaba iliyochovywa dhahabu we osha tu, ule utando mara nyingi haufiki hata mm 0.02, msasa kidogo shaba inatokea na hapo ni mpaka lichovywe upya.