Mwache Mtoto Avunje Kufuli Kwanza

Nafundisha kompyuta watoto wa miaka 7 hadi 12. Zamani nilianza na makatazo: usibonyeze hiki, usiongee na yule. Waliyakariri vizuri, na hayakuwasaidia. Siku hizi nawaweka kwanza upande wa mwizi wa mtandaoni, waone anavyofikiri. Nawe mzazi unaweza kufanya hivyo nyumbani.

Hatua ya 1: Ahadi yako

Kabla hujawasha mashine, mwambie mtoto: "Ukiniletea jambo lililokutisha mtandaoni, sitakunyang'anya simu." Kisha itimize, hata siku utakayokuwa na hasira. Tapeli humtishia mtoto hivi: "Usiponitumia picha, namwambia mama yako." Tishio hilo lina nguvu pale tu mtoto anapomwogopa mama kuliko tapeli. Wazazi wengi huiruka hatua hii ili wafike haraka kwenye maneno ya siri. Nakuomba usiiruke.

Hatua ya 2: Kufuli

Tafuta kufuli la namba lenye magurudumu matatu. Lifunge, mpe mtoto ajaribu kuanzia 000, 001, 002. Namba zote ni 1,000. Akitumia sekunde mbili kwa kila moja, litafunguka kabla ya dakika 34. Mwache achoke. Likifunguka, muulize: je, yangekuwa magurudumu manne? Sita? Kila gurudumu linaongeza kazi mara kumi. Sasa mweleze kwamba kompyuta haichoki, na kwamba mwizi aliyeiba hifadhi ya maneno ya siri anaweza kujaribu mamilioni kwa sekunde moja. Watoto wangu wengi hapo husema wenyewe: "Basi neno liwe refu."

Hatua ya 3: Neno la siri

Chukueni kamusi. Mtoto afumbe macho, afungue ukurasa wowote, aweke kidole. Rudieni mpaka mpate maneno manne au matano, myaunganishe, kisha atunge kichekesho cha kuyakumbukia. Asiyateue mwenyewe, maana sote huangukia majina ya tuwapendao na mistari ya nyimbo, na wezi wanalijua hilo. Barua pepe ipewe neno lake peke yake: anayeishika barua pepe anaweza kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine. Kuandika kwenye karatasi inayokaa nyumbani si kosa. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini.

Hatua ya 4: Kusoma anwani

Andika kwenye karatasi:

michezo.zawadi.example/ingia

Muulize tovuti ni ya nani. Wengi hujibu "michezo". Mfundishe kutafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha asome kurudi nyuma: example, halafu zawadi. Mwenyewe ni zawadi.example, "michezo" ni kibandiko tu, yeyote anaweza kukibandika. (Anwani zenye miisho kama .co.uk zinahitaji kurudi kipande kimoja zaidi.) Alama ya kufuli kwenye kivinjari isimdanganye. Inaonyesha kuwa mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi kama aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Hatua ya 5: Picha

Fungueni taarifa za picha iliyopigwa na simu yenu. Mara nyingi mtakuta tarehe, na pengine mahali ilipopigiwa. Zimeni ruhusa ya mahali kwenye kamera papo hapo.

Hatua ya 6: Igizo

Jifanye rafiki mpya wa kwenye mchezo. Andika: "Tuhamie programu nyingine, na usimwambie mtu." Mtoto aseme ni neno gani limemshtua. Kisha mfanye mazoezi ya cha kufanya akitishwa: asilipe, asitume kingine, asifute ujumbe, aje kwako mkautolee taarifa pamoja na kumzuia huyo mtu.

Mara ya pili badilishaneni: yeye aandike ujumbe wa kitapeli, wewe upokee. Mpe muda. Mwulize kwa nini ameandika "haraka", kwa nini amekusifu kwanza, kwa nini ameomba iwe siri.