Namna ya kutumia neno "kero" bila kumkera msikilizaji

Kero ni jambo linalomsumbua mtu kidogo kidogo, tena kwa kurudiarudia, hadi uvumilivu unamwisha. Ukitaka kuionja maana hiyo, panda teksi ya abiria 14 katika kituo chochote kikubwa cha Kampala kabla haijajaa. Dereva huwasha injini, husogea hatua mbili kana kwamba safari imeanza, kisha hurudi pale pale alipokuwa, huku kondakta akiendelea kuita watu. Abiria amezoea kusubiri. Kinachomkera ni huko kwenda mbele na kurudi nyuma. Teksi hiyo hiyo ikipinduka njiani, jambo hilo haliitwi kero tena bali ajali, na atakayeliita kero ataonekana anafanya mzaha.

Kisarufi, neno hili halibadiliki katika wingi: husemwa kero hii, kero hizi, kero nyingi, na kamwe si "makero". Magazeti ya Tanzania hulitumia pia kwa malalamiko ya umma, kama vile kero ya maji, au zile "kero za Muungano" zinazohusu uhusiano wa Zanzibar na Tanzania Bara. Matumizi hayo yatakufaa hata ukimwandikia mwenyekiti wa kijiji chako: "Tunaomba utusaidie kuondoa kero ya takataka zinazoziba mtaro wetu."

Penye matatizo zaidi ni kwenye kitenzi chake, "kukera", yaani kuudhi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, mwaka 2022, Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wengi wanajifunza kitenzi hiki wakiwa na Kiganda kichwani, na Kiganda kina "okukeera", yaani kuamka au kufika mapema. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu wa bidii sana, alijisifu mbele ya darasa: "Mimi ninakera kila siku." Alitaka kusema kwamba hudamka alfajiri kwenda kazini, waliojua Kiswahili walisikia kwamba kila siku yeye huudhi watu. Kwa kuamka mapema, tumia kudamka au kurauka.

Kosa jingine ni kusema "ninakera" ukiwa wewe ndiye uliyeudhika. Kukera ni kumfanyia mwingine, kwa hiyo kwa kawaida kitenzi hudai kiambishi cha anayeudhiwa: honi za bodaboda zinanikera, zinamkera mgonjwa, zinatukera sote. Ukitaka kueleza hali yako bila kumtaja mtendaji, sema "nimekereka". Ukimtaja, sema "nimekerwa na kelele hizi". Palipohitaji kivumishi, husemwa "tabia ya kukera" au "sauti inayokera".

Kuhusu adabu, "unanikera" ni kauli nzito kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani, kwa sababu inamshutumu mtu mwenyewe badala ya kitendo chake. Marafiki wa rika moja wanaweza kuambiana hivyo na kucheka. Kwa jirani aliyekuzidi umri, ambaye redio yake inavuma hadi usiku wa manane, lielekeze neno kwenye redio: "Shikamoo mzee. Samahani, sauti ya redio inatukera kidogo usiku, watoto hawalali." Hilo "kidogo" si la kweli, lakini ndilo linalomfanya mzee apunguze sauti bila kununa. Ikiwa unaona hata hivyo ni ukali, tumia "inatusumbua", ambalo ni jepesi zaidi. Karaha liache kwa mambo yanayotia kinyaa, kama mtaro ule wa takataka ukishaanza kunuka.

Mwisho, usichanganye kukera na kukereketa. Koo likiwasha kwa vumbi la barabara, husemwa linakereketa. Na ukimsikia Mtanzania akimwita mtu "mkereketwa" wa chama fulani, usidhani kwamba mtu huyo amechukizwa: ni mfuasi anayekipenda chama hicho kupita kiasi, ingawa majirani zake huenda wakawa ndio waliokereka.