Tabo ya Hilux ya kuvutia tela: chagua inayoamka mapema

Kama Hilux yako kazi yake ni kuvuta boti za faiba kutoka Wesha kuja Chake, au kutoa magunia ya karafuu mashambani huko Mtambile, usinunue tabo (turbo, pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini upepo) kwa ukubwa wake. Pemba hatuna mlima, tuna vilima, tena vinaandamana: unapanda, unashuka bondeni, na kabla injini haijapoa unaanza kupanda tena. Ukiwa na tela nyuma, mpando unauanza na gia ya pili au ya tatu, injini iko kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Hapo ndipo unapotaka nguvu. Tabo kubwa inayoanza kusukuma upepo wa maana kwenye mizunguko 3,000 itakupendeza barabara ya tambarare bila mzigo, lakini kwenye mpando itakupa moshi mweusi na harufu ya klachi.

Nazungumzia Hilux zilizojaa kisiwani, zile za umbo la 2005 hadi 2015, zenye injini ya 1KD ya lita 3 au 2KD ya lita 2.5. Ya lita 3 imetoka kiwandani na tabo yenye mapezi yanayojifunga na kujifungua. Mizunguko ikiwa midogo mapezi yanabana njia, moshi unapita kwa kasi na gurudumu la tabo linazunguka mapema. Mizunguko ikipanda yanaachia. Kwa mvuta tela hiyo ni neema, usiitoe ukaweka tabo isiyo na mapezi ya kusogea kwa sababu tu ni rahisi kufunga. Ninachokipendekeza mimi ni tabo ya nyumba ile ile ya asili, iliyowekewa gurudumu la upande wa upepo lililo kubwa kidogo. Inaingia kwenye bolti zile zile, inaamka karibu sawa na ya zamani, na juu inatoa hewa zaidi.

Lakini kabla ya kutoa pesa, jiulize tabo ya zamani imekufa kwa nini. Hili nalisema kwa uchungu, maana watu wanaagiza tabo Dubai kwa pesa ya mavuno mazima, wanaifunga, na haichukui muda inaanza kupiga kelele. Injini hizi zina ugonjwa wao: washa za shaba zilizo chini ya nozeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini) zikichoka, moshi wa mwako unavuja na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito kwa masizi, na masizi yanakwenda kuziba chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kidogo tu, beringi zimekwisha.

Kwa hiyo teremsha sampu. Chukua tochi, utazame wavu wa chujio. Ulio mzima unaona mwanga ukipenya kila tundu. Mgonjwa una ukoko mweusi mgumu, ukiukwaruza kwa ukucha unatoka vipande vipande kama masizi ya chini ya sufuria. Ukiukuta hivyo, toa nozeli zote, safisha viti vyake, weka washa mpya, osha chujio na sampu, ndipo uanze kufikiria tabo. Fundi akikwambia kuteremsha sampu ni kupoteza muda, tafuta fundi mwengine.

Kuifungua tabo yenyewe si kazi ya kuogopa, ila nati za manifodi, bomba la moshi linaloshika tabo kwenye injini, kwa hewa yetu ya chumvi zinashika kutu. Zipulizie dawa ya kutu tokea jioni, uzifungue asubuhi. Bolti ikikatikia ndani itakula siku nzima. Ikishatoka, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini ikienda mbele na nyuma ukaisikia kwa vidole, hiyo imekwisha. Ikiwa magurudumu ya tabo yamevunjika, usifunge kitu mpaka umeifungua intakula (kipoza upepo wa tabo) na mipira yake, ukaosha oili na chenga za chuma zote.

Bomba la kuleta oili libadilishe, usilisafishe. Ndani lina kaa ambalo hulioni. La kurudisha oili lazima literemke bila kukunjwa. Na tafadhali, usipake silikoni kwenye viungo vya oili. Inamenyeka, inaingia kwenye tundu, inaziba. Tumia gasketi. Ile skrubu ndogo inayozuia mkono wa mapezi usiiguse, imepimwa kwenye mashine.

Kabla ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la tabo huku unazungusha gurudumu kwa kidole. Chomoa plagi za umeme za nozeli injini isiwake, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa, uiache iungurume dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta.

Usitarajie miujiza siku hiyo hiyo. Mafuta kwenye injini hizi yanaamuliwa na kompyuta, na upepo ukizidi kipimo kompyuta inakata nguvu. Anayetaka nguvu zaidi atafute mtu wa kuipanga kompyuta kwa kiasi, na afunge geji ya joto la ekzosi, kihisio chake kikae kabla ya tabo. Toboa manifodi ikiwa mezani, chenga zisiingie ndani. Mimi mpandoni sikubali ikae juu ya nyuzi 700 za Selsiasi. Ikikaribia hapo napunguza mguu na kushuka gia, maana pistoni ni za alumini.

Nguvu ikiongezeka, klachi ya zamani huenda ikateleza, na breki zinabaki zile zile. Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 na mzigo wake. Boti ya faiba na mashine yake inapita hapo kwa urahisi, basi tela liwekee breki.

Ukifika juu ukataka kusimama, iache iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili iondoe joto kwenye beringi. Ukitoka kuteremsha boti pwani, osha intakula kwa maji baridi ya mfereji ikishapoa. Na oili ya kwanza baada ya tabo mpya imwage kwenye kilomita 1,000, ukate filta yake utazame kama ina chenga za chuma.