Laibrari yako ina fanksheni tatu za kazi moja? Ziunganishe hivi

Kama una soma(), soma_salama() na soma_yote(), na mtu akikuuliza atumie ipi unaanza na "inategemea", ziunganishe tu.

Ila usiguse kodi (code) kwanza. Zipange upande kwa upande uone kila moja inapokea nini, inarudisha nini, na ikikwama inafanyaje. Hapo kwenye kukwama ndo penye kazi, maana unaweza kukuta moja inarusha eksepsheni (kosa linalokatiza programu), nyingine inarudisha None (yaani hakuna kitu) kimyakimya, na kuna mtu huko kashajenga programu yake juu ya hiyo None.

Python walishapitia haya kwenye subprocess, moduli yao ya kuendesha komandi za nje. Kulikuwa na call() inayokupa namba inayoachwa na komandi ikimaliza (exit code), check_call() inayolalamika komandi ikifeli, na check_output() inayolalamika pia ila inakupa kilichochapishwa. Vesheni 3.5 mwaka 2015 ikaleta run(), ukitaka ilalamike unaweka check=True, basi. Kilichonifurahisha hapo ni kwamba run() siku zote inarudisha objekti ya aina moja, namba imo, matokeo yamo kama uliomba yakamatwe. Iga hiyo, fanksheni inayorudisha namba leo na maandishi kesho kisa flagi (swichi ya True/False) ni balaa.

Halafu flagi zenyewe usizirundike. Tatu za True/False ni michanganyiko 8 na mingine haina hata maana, bora paramita moja ya neno, kama hali="salama". Lazimisha pia itajwe kwa jina (kwenye Python unatanguliza * kwenye orodha ya paramita), la sivyo utakutana na soma(x, True, False) na hakuna anayejua False ni ya nini.

Za zamani usizifute. Zigeuze ziwe mstari mmoja unaoita mpya, kisha endesha testi zilezile za zamani bila kuzibadili, zikifeli ujue umebadilisha tabia. Zikipita weka DeprecationWarning (onyo kwamba fanksheni itaondolewa) na stacklevel=2 ili onyo lielekeze kwenye mstari wa aliyeita, sio wa kwako. Kumbuka mara nyingi Python inaficha onyo hilo, kwa hiyo andika na kwenye maelezo ya vesheni, uje uzifute kwenye vesheni kubwa inayofuata.

Na ukiona fanksheni mpya ndani ni if moja kubwa, pande mbili hazishirikiani hata mstari, zirudishe zikae mbili.