Una digrii ya sayansi na unataka kufundisha Biolojia? Anza na tangazo la ajira

Mdogo wangu mmoja aliyemaliza Zuolojia ameniuliza asome nini ili awe mwalimu wa Biolojia sekondari hapa Tanzania. Nilimwambia aweke kando orodha ya vyuo kwanza, akatafute tangazo la zamani la Sekretarieti ya Ajira la walimu wa Daraja la III C, yaani ngazi ya mwalimu mwenye shahada. Pale wanataka shahada ya ualimu, au shahada isiyo ya ualimu pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu, ile tunayoiita PGDE. Mimi nilishajaza fomu ya shahada ya umahiri (masters) ya Botania nikidhani ngazi ya juu inafungua milango yote. Umahiri ule ungenifanya mtaalamu wa mimea, lakini usingenifanya mwalimu.

Ukishajua unatafuta PGDE, fungua transkripti yako. Sekondari mwalimu hubeba masomo mawili, na kwetu Biolojia huenda zaidi na Kemia au Jiografia. Hesabu kozi ulizosoma za hilo somo la pili, kisha ukiulize chuo kama zinatosha kukupangia mbinu za kulifundisha. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi. Kama shahada yako ni ya nje ya nchi, ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mapema ikatambuliwe.

Sasa jambo ambalo ningelipa uzito kuliko jina la chuo: mazoezi ya kufundisha, TP. Siku yangu ya tatu darasani nilikuwa na Kidato cha Tatu, zaidi ya watoto 60, kipimo cha sukari kwa kimiminika cha Benedikti. Nikapasha moto mrija wa majaribio moja kwa moja kwenye mwali, mdomo umeelekea dawati la mbele. Mchanganyiko ukaruka. Ashukuriwe Mungu, uliishia kwenye daftari. Shahada ilinifundisha kwa nini rangi inatoka bluu, inapita kijani na manjano hadi kufika nyekundu ya matofali. Haikunifundisha kuweka mrija kwenye maji ya moto ili watoto wawe salama, wala kugawa vifaa sita kwa watu 60.

Kwa hiyo kiulize chuo: TP ni wiki ngapi? Anayekuja kunikagua ni mtu wa Biolojia, au ni yeyote mwenye nafasi kwenye gari siku hiyo? Somo la mbinu za kufundisha Biolojia lina vipindi vya maabara, au ni noti tupu? Majibu ya ofisini huwa matamu. Watafute waliomaliza mwaka jana, hao ndio watakaokwambia.

Kuhusu vyuo vyenyewe, DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam) kule Chang'ombe na Mkwawa pale Iringa vilianza 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya kulea walimu, na huko kila mtu anayekuzunguka anazungumza ualimu. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, kinamfaa mwenye kazi na familia, ila kinahitaji mtu anayejisukuma mwenyewe.

Mdogo wangu ana mtoto wa miezi minane na yuko Singida. Nimemwambia aende Huria, na kwamba kabla ya TP aombe kwa mkuu wa shule ya jirani akae maabara jioni mbili kwa wiki, hata kama ni kuosha mirija tu.