Jinsi ya kumtafuta mpenzi aliyefutwa kwenye wasifu

Wasifu wa mwandishi mwanamke huwa nauanzia nyuma, kwenye faharasa. Natafuta jina la mwanamke mwenye kurasa nyingi kuliko hata ndugu wa damu, kisha naangalia ametambulishwaje. "Katibu wake." "Rafiki wa karibu." Hapo nachukua penseli.

Mchukue mshairi Gabriela Mistral wa Chile, mshindi wa Nobel ya fasihi 1945. Kwa miongo mingi wasomaji walisimuliwa habari za Romelio Ureta, mfanyakazi wa reli aliyejiua mwaka 1909, utadhani mshairi huyu hakupenda tena. Doris Dana, Mmarekani aliyeishi naye miaka ya mwisho na kusimamia mirathi yake, aliitwa katibu. Dana alifariki 2006, mpwa wake akakabidhi makaratasi kwa Chile, na mwaka 2009 barua zikachapishwa. Zisome mwenyewe: wivu, hofu ya kuachwa, lawama jibu likichelewa. Katibu gani huandikiwa hivyo?

Ukimaliza faharasa, uliza nani alishika makaratasi. Shairi moja la Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, kuhusu Susan, wifi yake, lilifunikwa kwa wino mstari kwa mstari. Barua za Emily zilihaririwa kwanza na Mabel Loomis Todd, hawara wa mume wa Susan! Kwa hiyo usidhani kila ufutaji ni woga wa jamii. Mwingine ni ugomvi wa nyumbani tu.

Linganisha pia mwaka wa kitabu na mwaka barua zilipofunguliwa. Za Selma Lagerlöf, mwandishi wa Sweden, kwa mwandishi mwenzake Sophie Elkan zilifungiwa hadi 1990, miaka 50 baada ya kifo cha Lagerlöf. Aliyeandika kabla ya hapo msamehe. Aliyeandika baadaye akazipita kimya, mbane.

Ila usipige ramli. Ushahidi ambao ungekutosha kusema "mumewe" au "mchumba wake", ndio huohuo ukutoshe hapa, usizidi wala usipungue. Ukikosa barua za mapenzi, andika kinachoonekana. Mimi kwa Willa Cather, mwandishi wa riwaya wa Marekani, ningeandika hivi: aliishi na Edith Lewis karibu miaka 40, hadi alipofariki 1947, Lewis akasimamia kazi zake, na wamezikwa pamoja Jaffrey, New Hampshire. Neno "rafiki" silitii humo.