Somo: Kujiwekea seva ya barua pepe, tuanze na jina kabla ya programu

Asalaam aleikum, wenzangu. Ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Mombasa iliniita baada ya karani wao kuacha kazi. Barua zote za makontena ziliondoka naye, kwani alikuwa akitumia anwani yake binafsi. Tukawajengea seva. Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, iliwaka siku ileile, lakini barua hazikufika popote. Ndiyo maana naanza na jina.

Hatua ya 1: jina. Kodi seva yenye anwani ya IP isiyobadilika. RAM ya gigabaiti 1 yawatosha watu wachache. Kabla hujalipa, uliza kama mlango 25, ambao seva hupelekeana barua kupitia kwake, uko wazi kwenda nje. Wakodishaji wengi huufunga kuzuia spamu. Kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, weka rekodi A (jina kwenda namba ya IP) ya mail.mfano.co.ke, kisha MX (barua za kikoa ziende wapi) ielekee jina hilo, si namba. Halafu PTR: ile namba ikiulizwa, ijibu jina lilelile. Hapa ndipo tulipokwama siku mbili, tukiitafuta kwa aliyetuuzia kikoa. PTR huombwa kwa aliyekukodisha seva.

Hatua ya 2: programu. Kwenye Debian:

apt install postfix dovecot-imapd opendkim opendkim-tools certbot

Postfix hupokea na kutuma. Dovecot hutunza masanduku, watu wakisoma kupitia mlango 993. Opendkim hutia sahihi ya hatua ya 3, na certbot huleta cheti cha kusimba mawasiliano. Kutuma kupitie 587, kwa paswadi. Mistari yake imo ndani ya master.cf, faili la mipangilio ya Postfix, anza kwa kuondoa alama za #. Nawasihi, msiongeze 0.0.0.0/0 (anwani zote) kwenye mynetworks, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma bila paswadi, ati simu zikubali kutuma. Umemfungulia kila mtu duniani, na jina likishaingia orodha nyeusi, kulitoa ni kazi ya siku nyingi.

Hatua ya 3: sahihi. SPF, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako: v=spf1 mx -all. DKIM, sahihi inayotiwa kwenye kila barua: ufunguo wa biti 2048, nusu ya siri ibaki kwenye seva, nusu ya wazi iende DNS. DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zisizopita, ianze na p=none (wasizuie) mpaka uone kila kitu kinapita.

MASWALI

Kutoka Likoni: Fundi, siwezi kuiweka dukani kwangu? Nina faiba, ila stima hukatika.

Jibu: Stima si neno, ndugu yangu. Seva inayokutumia barua ikikukosa hurudia tena na tena. Postfix yenyewe hushikilia barua siku 5 kabla ya kukata tamaa. Tatizo ni ile faiba: laini za nyumbani mara nyingi hugawana anwani moja, na PTR hupewi.

Kutoka Kisauni: Zangu zaingia spamu kwa wenye Gmail.

Jibu: Fungua vichwa vya barua, utafute spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass. Tangu Februari 2024 Gmail hudai PTR kwa kila mtumaji, pamoja na SPF au DKIM. Zote zikipita, itafute namba yako ya IP Spamhaus, watunzaji wa orodha nyeusi. Huenda mpangaji aliyekutangulia aliichafua. Omba nyingine.

Kutoka Changamwe: Bi mkubwa ofisini asema simu yake yalia kuwa cheti kimekwisha, na certbot nimeona imekifanya upya.

Jibu: Dovecot bado imeshika cha zamani. Iambie certbot, kila ikimaliza, iendeshe:

systemctl reload dovecot postfix